Usiguse Ufunguo Kwanza

Msikilizaji wangu, uliye Busia mjini, uliye Nambale, Matayos na Amagoro, na wewe dereva uliyekwama kwenye foleni ya malori Malaba, leo nina neno kwa kila boma lenye gari kuukuu chini ya mwembe. Nina maana ya Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, injini nyuma, mizigo mbele. Kuku wametagia kiti cha nyuma, matairi yamekaa chini, na namba yake ni ya zamani, zile za kabla ya KAA. Mnunuzi wa vyuma chakavu amepita na mizani yake, akataja bei, na vijana wa nyumbani wanataka kukubali.

Kabla hamjakubali, na hasa kabla mmoja wenu hajaleta betri ya kuazima ili "ajaribu tu kama itawaka", nawaomba mnisikilize. Injini ya aina hii haiuawi na miaka ya kulala. Huuawa siku ya kuamshwa, na mtu mwenye haraka. Nimeona magari mawili katika kaunti hii yakivutwa kwa trekta ili yawake, gia imetiwa, watu wanapiga makofi. Moja lilivunjika ringi, la pili likapinda pushrodi. Yote mawili yangekuwa barabarani leo kama wenyewe wangetumia wiki moja na spana kabla ya kushika ufunguo.

Kwa nini magari haya yalijaa huku magharibi? Kizazi cha walimu wakuu, makarani na madaktari wa hospitali za misheni waliyapenda kwa sababu hayakuhitaji maji. Hayana rejeta, hayana bomba la maji la kupasuka mtu akiwa katikati ya Bumala na Kisumu. Na sifa ya magari haya ilijengwa kwenye matope. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen lilionyesha kwamba ni gari la njia hizi. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda wakiliendesha, mwaka 1957 wakashinda Gus Hofmann na Arthur Burton, na mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Mzee aliyesikia matokeo hayo redioni hakuhitaji kushawishiwa na muuzaji. Beetle la mwisho la aina hii lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, baada ya zaidi ya milioni 21 kutengenezwa. Hayatengenezwi tena, na hilo ndilo linalonifanya niongee kwa uchungu ninapoona mizani ya chuma chakavu.

Sasa sikiliza injini hii inavyopoa, maana hapo ndipo penye siri ya kuifufua. Silinda ni nne, zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule. Kila silinda imezungukwa na mapezi membamba ya chuma. Krenki inazungusha fenibelti, fenibelti inazungusha dainamo, na nyuma ya dainamo hiyohiyo kumefungwa feni. Feni inavuta hewa na kuisukuma ndani ya boksi kubwa la bati, na bati hilo linaielekeza hewa ishuke kwenye mapezi na kwenye kipoza oili. Bati likikosekana, au mpira wa kuzunguka injini ukioza, hewa ya moto kutoka chini inapanda na kuvutwa tena na feni. Injini inajipikia hewa yake yenyewe. Na dereva hataambiwa, kwa sababu dashibodi haina geji ya joto. Ina taa ya chaji na taa ya oili, basi.

Kuna nyumba moja huko Busibwabo niliyoalikwa kushuhudia kazi hii ikifanywa vizuri. Gari lilikuwa la marehemu mwalimu, na mjane wake alikuwa amekataa wanunuzi wengi. Fundi aliyeitwa ni mzee aliyejifunza kazi zamani katika gereji za mjini, na msaidizi wake kijana wa kutengeneza bodaboda pale stejini. Mama aliwaletea chai akauliza, "Mtaiwasha leo?" Mzee akamjibu, "Mama, leo hatuwashi. Leo tunaangalia." Betri yenyewe waliiacha nyumbani kwa fundi.

Walianza kwa kunusa. Kijana alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akampa mzee. Oili ikinuka petroli, na kiwango kikawa juu kuliko alama, ujue diafragma ya pampu ya petroli imepasuka na petroli imekuwa ikishukia ndani ya injini. Oili ya hivyo haibebi uzito wa krenki. Basi oili yote ilimwagwa, na kile kifuniko cha chini chenye nati sita kikafunguliwa, kwa sababu injini hii haina filta ya oili kama gari la sasa. Ina chujio la waya tu, na ndani ya chujio hilo utaona maisha yote ya gari yalivyokwenda. Lilikuwa na tope jeusi lakini halikuwa na vipande vya chuma. Mzee alitabasamu. Oili inayoingia ni lita mbili na nusu tu, ndiyo maana kuibadilisha mapema na mara kwa mara si anasa.

Halafu plagi zikatolewa, zote nne. Hapa kijana alifanya jambo lililonipendeza. Alikuwa na bomba la sindano kutoka duka la dawa za mifugo, limefungwa mpira mwembamba, akatia oili nyepesi ndani ya kila silinda. Kwa sababu silinda zimelala, oili hukaa upande wa chini na upande wa juu wa pistoni ukabaki mkavu, kwa hiyo walirudia jioni, wakarudia tena kesho yake, na hawakuzungusha kitu. Siku ya tatu ndipo mzee alipoweka spana namba 21 kwenye nati ya dainamo, akabana fenibelti kwa kiganja cha mkono mwingine, akasukuma polepole. Haikuenda. Akarudisha nyuma kidogo, akasukuma tena. Krenki ikasogea upana wa kidole. Hakutafuta bomba la kurefusha spana. Alikwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka injini ikazunguka mzunguko mzima.

Wengi wangeshangilia hapo na kuleta betri. Mzee alifungua vifuniko vya valvu, vile vya bati vinavyoshikwa na waya wa springi, akamwambia kijana azungushe taratibu huku yeye anatazama roka. Injini ina valvu nane. Saba zilipanda na kushuka. Ya nane, ekzosi ya silinda namba tatu, iliingia ndani na haikurudi. Kutu ilikuwa imeishika kwenye gaidi, kile kibomba cha kuiongoza, roka imelegea inacheza, na pushrodi imebaki bila cha kuibana. Kama wangepiga stata siku ile, kitu kingepinda au kungesikika mlio ambao hakuna fundi anayeupenda. Waliipulizia mafuta ya kulegeza kutu, wakaigonga kwa nyundo ya mbao, kidogo sana, wakaiacha usiku kucha. Asubuhi springi iliirudisha yenyewe.

Kwa nini namba tatu? Katika injini nyingi za aina hii kipoza oili kinakaa ndani ya boksi la feni, juu ya silinda hiyo, kwa hiyo inapata hewa iliyokwisha kuwa ya moto. Lakini hapa palikuwa na sababu nyingine juu ya hiyo. Walipotoa dainamo na kuinua boksi la bati, walikuta kiota cha panya. Nyasi, manyoya ya kuku, vipande vya gunia na maganda ya karanga vilijaa juu ya mapezi ya silinda mbili za upande wa kushoto, vimeshindiliwa hata mkono usingepenya. Mkojo wa panya ulikuwa umekula alumini ya kichwa cha silinda mpaka ikawa na unga mweupe. Fikiria injini hiyo imewashwa na kiota kikiwemo. Ingewaka vizuri kabisa, watu wangepiga picha, wangekwenda nayo mpaka Korinda na kurudi, na kabla ya jioni silinda mbili zingekuwa zimekwama. Msikilizaji, kama hutakumbuka kingine katika mazungumzo haya, kumbuka kuinua lile bati. Ni kazi ya nusu siku. Hakuna tochi wala hewa ya kupuliza inayoweza kukuhakikishia kwamba pako safi bila kulitoa.

Sasa petroli. Gari lililolala tangu kabla ya mwaka 2006 huenda bado lina petroli yenye risasi ndani ya tangi, kwa maana Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka huo. Wengi wetu tumezoea kutia mpira ndani ya tangi na kuvuta kwa mdomo. Usifanye hivyo, na usimruhusu mtoto afanye. Risasi ni sumu ya ubongo. Na usiimwage shambani wala kunawia mikono. Tangi la Beetle liko mbele, hutolewa kwa boliti chache. Litoe, limwage kwenye chombo cha kufunga, lioshe kutu. Petroli iliyokaa miaka hugeuka gundi yenye harufu ya rangi ya mbao, na gundi hiyo ndiyo inayoziba jeti za kabureta, matundu membamba yasiyopitisha hata sindano ya kushonea.

Ningependa pia waunganishaji vyuma wetu wanisikie. Krenkikesi ya injini hii, ile nyumba kubwa inayobeba krenki, ni ya aloi ya magnesiamu. Mnunuzi wa chuma chakavu huipima kama alumini kwa kuwa ni nyepesi. Lakini magnesiamu ikishika moto, maji huuzidisha. Usiikate kwa grinda, usiichomelee kwa mazoea ya chuma cha kawaida, na mahali pa kazi weka ndoo ya mchanga mkavu. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vifaa vya umeme na vya reli, kisha ikairuhusu tena Mei, mjadala wote ulikuwa juu ya wizi. Hakuna aliyewakumbusha vijana wa yadi kwamba baadhi ya vitu wanavyovikata vinaweza kuwaunguza.

Turudi Busibwabo. Kwa kuwa zamu ya tapeti na moto wa plagi ilikuwa imefika, mzee alimwachia kijana. Hapo niliona jambo ambalo mpaka huu unatakiwa ujivunie. Sisi ndio tulioanzisha bodaboda. Miaka ya sitini watu walibeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda hapa Busia, na jina likaenda dunia nzima. Leo baiskeli zimekuwa Boxer na TVS, na karibu pikipiki zote hizo zina injini ya kupozwa kwa hewa, yenye mapezi, yenye tapeti za kuseti kwa skrubu na nati. Kijana yule hakuwahi kushika Beetle maishani mwake. Lakini alitoa fila ya kupimia nafasi mfukoni na kuseti tapeti kwa 0.15 milimita, injini ikiwa baridi, mkono hautetemeki, akamuuliza mzee jambo moja tu: silinda ya kwanza ni ipi? Ya kwanza ni ile ya kulia iliyo karibu zaidi na kiti cha nyuma. Kipimo hicho ni cha injini nyingi za 1300 na 1500. Zile za 1200 za zamani baadhi zina vipimo vyake, tazama kitabu chake.

Kuna kitu ambacho pikipiki hazikumfundisha, nacho ni poinzi. Ndani ya distribyuta kuna vinundu viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili koili itoe moto. Vikikaa miaka vinafunikwa na utando usioonekana kwa macho, na hapo injini itazungushwa mpaka betri iishe bila hata kukohoa. Wengi hununua koili mpya. Poinzi zikisuguliwa kwa msasa laini, zikafutwa, zikasetiwa 0.4 milimita, mara nyingi koili ile ya zamani inatoa moto wa buluu kama kawaida. Na nyaya za plagi zikae kwa mpangilio wa 1, 4, 3, 2. Zikibadilishwa, injini itapiga chafya kwenye kabureta na utadhani petroli ndiyo mbaya.

Betri ilikuja mwisho. Angalia kwanza gari ni la volti 6 au 12. Beetle nyingi za kabla ya modeli ya 1967 ni volti 6, na ukitia 12 utaunguza taa zote kwa dakika moja. Betri yenyewe inakaa chini ya kiti cha nyuma, na springi za kiti zikigusa vichwa vya betri huwasha manyoya ya kiti. Kifuniko cha betri si pambo.

Plagi zikiwa bado nje, walipiga stata mpaka taa ya oili ikazimika. Ndipo plagi zikarudi, petroli safi ikatiwa kwenye chupa iliyoning'inizwa pembeni, mbali na ekzosi, ikaunganishwa na kabureta kwa mpira mpya. Mara ya kwanza ilikohoa. Ikakohoa tena, ikashika, na moshi mweupe mzito ukafunika mwembe, ule wa oili iliyokuwa ndani ya silinda. Mama alirudi nyuma. Mzee hakubonyeza mafuta. Aliiacha injini izunguke kwa kasi ya chini ya kati, akainama upande wa kushoto kusikiliza namba tatu, mpaka moshi ukaisha.

Usidhani kazi imekwisha hapo. Ndipo injini inapoanza kukuambia shida zake. Ikizimika kila unapotoa mguu kwenye mafuta, jeti ya mwendo wa chini imeziba au hewa inaingia kwenye viungo vya manifoldi. Ikisita na kuzimika unapobonyeza ghafla, diafragma ndogo ya kabureta imekauka. Ikiwaka vizuri asubuhi lakini ikikataa kabisa ikiwa moto, pima tapeti tena kabla ya kulaumu kitu kingine, kwa sababu za ekzosi hubana kadiri valvu inavyokaa upya. Baadaye ndipo ushuku kondensa na koili. Ile ya Busibwabo ilikuwa na ugonjwa wa pili, na kiboksi cha gasketi na diafragma kiliumaliza.

Vipuri je? Huu ndio uzuri wa kukaa mpakani. Fundi wa Nairobi akienda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na kurudi mikono mitupu, amekwama. Wa Busia ana Kirinyaga Road na ana soko la Kisekka kule Kampala, ambako ni karibu zaidi kuliko Nairobi. Nunua kwanza vile vya bei ndogo: mipira ya petroli, fenibelti mbili, poinzi, kondensa, plagi. Mipira ya petroli usiitazame mara mbili, tupa yote. Inapita juu ya injini ya moto, na mpira mkavu wa senti chache ndio uliochoma Volkswagen nyingi. Fenibelti ya pili ikae ndani ya gari daima. Taa ya chaji ikiwaka njiani, simama palepale, maana pengine si chaji tu iliyokatika. Dainamo na feni vinazungushwa na mkanda mmoja, na injini bila feni haikufikishi hata kituo kinachofuata.

Gari la mwalimu bado liko nyumbani, msikilizaji. Linawaka kila Jumamosi na linazunguka boma. Halijaruhusiwa kutoka getini, na kila mara mzee huliondolea rota ya distribyuta ili mjukuu yeyote asilichukue, kwa sababu silinda za breki kwenye magurudumu zote nne zimeganda, na mipira ya breki ni ya umri uleule wa mipira ya petroli tuliyoitupa. Barabara ya Busia kwenda Kisumu ina trela za tani nyingi zinazoshuka bila subira. Mipira na silinda za breki ziko njiani kutoka Kampala. Zikifika na kufungwa, na breki zikashika magurudumu yote sawasawa, ndipo mama atapewa ufunguo.